Injini ya Hilux kwenye Land Rover ya Zamani: Anza Nyuma, Malizia Mbele

Si ajabu siku hizi kufunua boneti ya Land Rover ya miaka ya 1960, iwe Loliondo au Maralal, ukakuta chini yake injini ya dizeli ya Toyota. Sababu zinajulikana. Injini ya asili ya petroli, ile ya cc 2286, inakunywa mafuta bila huruma, na nyingi zimeshachongwa silinda hadi hakuna tena pa kuchonga. Injini za 2L, 3L na 5L za Hilux na Hiace, kwa upande wake, zimejaa mjini. Spea zake zinapatikana hadi kwenye senta ndogo, na fundi asiyezijua ni wa kutafuta kwa tochi. Ukiyaweka yote hayo kwenye mizani, uamuzi unaonekana mwepesi: toa hii, weka ile.

Uamuzi huo si mbaya. Kibaya ni mpangilio. Wengi hununua injini kwanza, wakaileta gereji ikiwa imefungwa kamba kwenye pikapu, ndipo wanapoanza kuuliza itakaa vipi. Ushauri wangu ni kwenda kinyume: anza kukagua gari kutokea magurudumu ya nyuma, uje mbele kidogo kidogo, na injini iwe kitu cha mwisho kununua. Kila kilichoko nyuma ya injini, kuanzia klachi hadi nati za gurudumu, kilitengenezwa kwa kiasi cha nguvu cha injini ile ya kwanza. Hivyo ndivyo vitakavyokuambia ununue injini gani.

Nitazungumzia Land Rover za Series II (1958 hadi 1961), IIA (1961 hadi 1971) na III (1971 hadi 1985), kwa kuwa ndizo zinazofanyiwa kazi hii zaidi kwetu. Mwenye Peugeot 404 au Datsun ya zamani atafuata njia ileile, ingawa vipimo vyake vitakuwa vingine.

Je, unaihitaji kweli?

Kabla ya yote, mpe fundi siku moja aipime injini uliyonayo. Injini ya cc 2286 ni rahisi kuifanyia ovahoo, na spea zake bado zinatengenezwa. Kama gari lina injini iliyotoka nayo kiwandani, na namba iliyogongwa kwenye bloku inalingana na ya kwenye kadi, fikiria mara mbili. Watu wanaotafuta magari ya kale hulipia uasili. Land Rover ya 1962 yenye kila kitu chake ina mnunuzi wake, na yenye injini ya Hiace ina mnunuzi mwingine kabisa, anayelipa bei nyingine.

Iko pia njia ya katikati inayosahaulika. Land Rover wenyewe walitengeneza dizeli ya cc 2495 miaka ya 1980, kisha ikaja 200Tdi yenye taabo mwaka 1989. Zote mbili ni za ukoo mmoja na ile cc 2286, kwa hiyo hukaa kwenye giaboksi ya Series kwa marekebisho machache, bila bamba la kuunganishia. Ukiipata nzima kwa bei ya haki, umejiokolea nusu ya kazi nitakayoieleza hapa. Tatizo ni kupatikana, na hapo ndipo Toyota anaposhinda.

Difu na hafu shafti

Lala chini ya gari, utazame ekseli ya nyuma. Kama mgongo wa difu ni wa mviringo, laini, hauna mfuniko wa bolti kwa nyuma, hiyo ni ekseli ya Rover. Kama kwa nyuma kuna mfuniko uliozungushiwa bolti, na kichwa cha difu ni kinene cha chuma cha kumimina, hiyo ni Salisbury, inayopatikana kwenye nyingi za Series III ndefu, zile za inchi 109. Dakika mbili za kulala chini zinakupa jibu kubwa kuliko mengine yote.

Hafu shafti, yaani kile chuma kinachotoka kwenye difu kwenda kuzungusha gurudumu, kwenye ekseli ya zamani ya Rover ina meno 10 tu upande wa ndani. Ya Salisbury ina 24. Ile ya meno 10 hukatika hata kwa injini ya asili, dereva akiwa na mguu mzito kwenye mawe au tope. Sasa piga hesabu. Injini ya petroli ya cc 2286 hutoa nguvu ya kuzungusha ya Nm 165 hivi. Ya 3L, cc 2779, hutoa Nm 190 hivi. Ya 1HZ ya Land Cruiser, cc 4164 na silinda sita, hukaribia Nm 285. Ukiwa gia ya kwanza na transfa imeshushwa, Series III huzidisha nguvu hiyo karibu mara 40 kabla haijafika kwenye magurudumu. Kwa hiyo tofauti ya Nm 25 ya 3L inakuwa Nm 1,000. Tofauti ya Nm 120 ya 1HZ inakuwa Nm 4,800, na zote zinapita kwenye vyuma vilevile vya zamani.

Ndiyo maana nasema wazi kwamba kwa ekseli ya Rover, 2L au 3L inatosha. Ukitaka 5L, au 200Tdi yenye Nm zaidi ya 250, tafuta kwanza Salisbury kwa nyuma, au hafu shafti ngumu pamoja na difu ya kuzipokea. Mwenye kutaka 1HZ kwenye Series anachotafuta ni Land Cruiser, na itakuwa nafuu kwake akainunue ikiwa nzima.

Kuna jambo la mwendo pia. Difu za Series zina uwiano wa 4.7 kwa 1. Ukiwa na matairi ya 7.50-16, gia ya nne, transfa ikiwa juu, spidi ya kilomita 80 kwa saa inataka injini izunguke mara 2,900 hivi kwa dakika. Dizeli ya Toyota inalivumilia hilo vizuri. Ukienda 100 unakaribia 3,700, na hapo kelele, joto na mafuta vinapanda pamoja. Wapo wanaoweka difu za Range Rover ya zamani zenye uwiano wa 3.54, zinazoingia kwenye ekseli ya Rover, na injini ikatulia hadi mizunguko 2,200 kwa spidi ileile ya 80. Zinafaa kwa anayesafiri lami bila mzigo. Anayebeba magunia kupanda mlima asiziguse, maana gia ya kwanza inakuwa ndefu na klachi italiwa kila anapoondoka.

Breki kabla ya mwendo

Gari litakaloongezewa nguvu litaongezewa mwendo, dereva apende asipende. Land Rover za Series zina breki za ngoma magurudumu yote manne. Zikiwa nzima na zimerekebishwa vizuri, zinasimamisha gari kwa spidi za enzi zake. Nyingi hazipo hivyo. Fungua ngoma zote, pima kama zimekuwa yai, badilisha mipira ya silinda na mabomba yaliyooza, na kama masta silinda ni ya mkondo mmoja, weka ya mikondo miwili. Fanya haya kabla injini haijaingia, kwa sababu baada ya injini kuwaka hakuna mtu anayekumbuka breki. Kipya kinyemi.

Busta ya breki ina mtego wake. Kwenye injini ya petroli, busta huvuta hewa kwenye manifoldi. Dizeli haina uvutaji huo, hivyo inahitaji pampu ya hewa. Kwenye 2L na 3L nyingi pampu hiyo imefungwa mgongoni mwa alteneta, nayo hulainishwa na oili ya injini kwa mpira mmoja wa kuingiza na mwingine wa kurudisha. Fundi mwenye haraka huziba mirija hiyo miwili ili oili isivuje, na gari linaondoka gereji likiwa na breki nzuri. Pampu ikikauka inasaga, breki inakuwa nzito kama jiwe, na alteneta inaenda nayo. Siku ya kupokea gari, fuata mipira hiyo kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho.

Giaboksi: kuoa au kuhamia

Ukifika kwenye giaboksi una njia mbili. Ya kwanza ni kubaki na giaboksi na transfa za Land Rover, ukaunganisha injini ya Toyota kwa bamba la chuma au aluminiamu lililochongwa, ambalo mafundi huliita adapta. Ya pili ni kuhamisha injini pamoja na giaboksi na transfa zake za Hilux.

Njia ya pili inavutia kwa sababu unapata gia tano zisizolia, na klachi inabaki ya Toyota mwanzo hadi mwisho. Gharama yake imejificha chini. Propela zote mbili zitakatwa na kuunganishwa upya, kisha zibalansiwe. Difu za Land Rover hazipo katikati, zimekaa upande wa kulia, hivyo lazima uangalie transfa unayoileta inatokea upande gani. Mkasi wa chesisi unaobeba giaboksi utahamishwa, sakafu itakatwa, na handibreki, ambayo kwenye Series hukamata propela nyuma ya transfa, itatafutiwa makao mapya. Kwa gari la kazi ambalo giaboksi yake imeshakufa, njia hii ina maana. Kwa gari ambalo giaboksi yake ni nzima, adapta ni nafuu, na inakuachia mlango wa kurudi nyuma siku ukibadili mawazo.

Ukichagua adapta, kila kitu kinategemea jambo moja: katikati ya kranki na katikati ya shafti ya giaboksi viwe mstari mmoja. Wengi hudhani bolti ndizo zinazoshika mstari huo. Sivyo. Bolti hukaza tu, na matundu yake yana nafasi ya kucheza. Kinachoshika mstari ni pini mbili za kuongozea, na pini hizo huwekwa baada ya kupima.

Kupima kwenyewe hufanywa hivi. Adapta na hausingi ya klachi hufungwa kwenye injini bila giaboksi, bolti zikiwa zimekazwa kiasi. Fundi anakaza dayali geji, ile saa ndogo ya kupimia, kwenye flaiwili, ncha yake ikigusa ukingo wa ndani wa tundu la katikati la hausingi. Kisha anazungusha kranki kwa mkono, taratibu, huku anasoma mshale. Mshale ukicheza zaidi ya milimita 0.15 katika mzunguko mzima, anagonga hausingi kidogo kwa nyundo ya plastiki upande unaotakiwa, anapima tena, na tena, mpaka utulie. Hapo ndipo anapotoboa na kuingiza pini. Fundi asiye na saa hiyo, anayekuambia jicho lake linatosha, mshukuru, lipia soda, uondoke. Mstari ukikosewa hutaona siku hiyo. Utaona baadaye, klachi ikianza kukwama, beringi ya mbele ya giaboksi ikianza kulia, na gia zikianza kuruka zenyewe.

Vitu vingine vitatu vya kuangalia hapohapo. Sahani ya klachi lazima iwe na meno ya kati yanayoingia kwenye shafti ya Land Rover, na upana unaokaa kwenye flaiwili ya Toyota, na kwa kawaida hutengenezwa kwa kubadilisha kitovu. Ncha ya shafti ya giaboksi inahitaji bushi ya shaba iliyochongwa kwa kipimo chake, ikae kwenye tundu la kranki. Na giaboksi iingie kwa kusukumwa na mikono tu, mpaka nyuso mbili zikutane. Ikibaki nafasi ambayo mnataka kuimaliza kwa kukaza bolti, simameni. Shafti imegota ndani. Mkikaza mtavunja hausingi, au mtaikandamiza kranki na kuua beringi zake za msukumo.

Chesisi ndiyo msingi

Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, na hiyo inadanganya wengi. Gari linaweza kung'aa juu huku chesisi ya chuma imeliwa chini. Chesisi hiyo ni boksi la bati la chuma la takriban milimita 2, na kutu huanzia ndani, pasipoonekana. Chukua nyundo ndogo, ugonge kuanzia nyuma hadi mbele, hasa kwenye mkasi wa mwisho, mikono inayobeba bodi, na pembe za mbele zinaposhika springi. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti butu. Wa Tanga, Mombasa na Zanzibar, waliozoea hewa ya chumvi, wagonge mara mbili.

Ukishajua chesisi ni nzima, fundi atatengeneza vishikizo vipya vya injini. Sharti la kwanza ni kwamba asichomelee kishikizo moja kwa moja kwenye bati la milimita 2. Achomelee kwanza bamba pana la kusambaza uzito, kisha kishikizo juu yake. Sharti la pili ni mauntingi za mpira. Injini ya dizeli ikifungwa chuma kwa chuma itatetemesha kila nati ya gari mpaka zilegee. La tatu, vishikizo vya asili visikatwe kama havizuii. La nne, betri na alteneta vichomolewe kabla ya mashine ya kuchomelea kuwashwa.

Pa kukosea zaidi ni sampu. Sampu ya injini ya Hiace na ya Hilux ya 4WD hazifanani, ingawa injini ni ileile. Bakuli la oili linaweza kuangukia juu kabisa ya difu ya mbele. Dawa ni kubadilisha sampu pamoja na bomba lake la kunyonyea oili, si kuigonga sampu bonde kwa nyundo. Ili kuwa na uhakika, injini ikiwa imekaa mahali pake, piga jeki ekseli ya mbele mpaka iguse vizuizi vyake vya mpira, kana kwamba gari limeingia shimoni. Pakibaki nafasi ya vidole viwili kati ya sampu na difu, endelea. Pasipobaki, barabara ya Loliondo itakutobolea.

Sasa nunua injini

Ukiwa na majibu ya yote hayo, nenda kwa wauza spea wa Gerezani, Kirinyaga Road au popote unapoamini. Usinunue bloku tupu kwa sababu ni rahisi. Nunua injini ikiwa na pampu ya dizeli, stata, alteneta yenye pampu ya hewa, flaiwili na klachi yake, feni, vishikizo vyake na waya zake. Kila kitu kinachokosekana utakitafuta kimojakimoja kwa bei ya anayejua una shida.

Omba iwashwe ikiwa ya baridi. Ikiwa imeshapashwa moto kabla hujafika, rudi kesho. Fungua kifuniko cha oili ikiwa inaunguruma. Moshi mwepesi ni kawaida, moshi unaosukuma kama pumzi una maana kwamba ringi zimeisha. Tazama chini ya kifuniko kama kuna utando wa rangi ya maziwa, na kwenye maji kama kuna mapovu yasiyokoma. Ukipewa 2L-T, ile yenye taabo, ujue ina sifa mbaya ya kupasuka silinda hedi ikichemka, na Land Rover yenye rejeta ya zamani si mahali pa kuipeleka. Soma namba ya injini kwa macho yako, uandikiwe kwenye risiti.

Injini ikiwa bado iko chini, badilisha mkanda wa taiming, sili ya nyuma ya kranki, pampu ya maji kama inacheza, na vizibo vya bloku vilivyooza. Injini hizi za L huendesha kamshafti kwa mkanda, na ukikatika, valvu hugonga pistoni. Kubadilisha leo ni kazi ya nusu saa. Kubadilisha baada ya kufunga ni kazi ya siku nzima.

Joto, umeme na mafuta

Rejeta ya petroli ya miaka ya 1960 mara nyingi haitoshi. Iongezewe safu au ibadilishwe, na koti la feni lisiachwe. Bila koti, feni huzungusha hewa ileile ya moto ndani ya boneti. Usiruhusu fundi atoe themostati kwa hoja kwamba huku ni joto. Kwenye injini nyingi, themostati ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linalopanda mlima wa Kitonga na mzigo litachemka wakati la jirani linapita.

Upande wa umeme, kuna Land Rover za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 ambazo chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Alteneta ya Toyota inataka hasi kwenye bodi. Ukiwasha bila kubadilisha, dayodi zake zinaungua mara moja. Pia soma volti zilizoandikwa kwenye stata, kwenye kifaa cha kuzimia mafuta na kwenye plagi za kupashia moto. Injini zilizotoka kwenye malori madogo ya Japani huweza kuwa za volti 24, na hata plagi za kupashia hutofautiana volti kati ya injini zinazofanana kwa sura.

Tangi la petroli lioshwe kabisa. Pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe, na petroli inayobaki huikausha. Dizeli pia inahitaji bomba la kurudisha mafuta tangini, ambalo tangi la petroli huenda halina, na chujio la kutenga maji. Bomba la ekzosi lisipite karibu na tangi lililoko chini ya kiti, wala karibu na mabomba ya breki.

Fundi, pesa na karatasi

Andikianeni. Karatasi moja ya daftari inatosha: nani ananunua nini, adapta inachongwa wapi, malipo yanatoka kwa hatua zipi. Hatua nzuri ni nne: injini ikikaa kwa majaribio kabla ya kuchomelewa, ikichomelewa, ikiwaka, na gari likirudi salama kutoka majaribio. Tenga pia fungu linalokaribia bei ya injini kwa ajili ya vitu vidogo, yaani mipira, mabomba, mikanda, kebo ya mafuta, geji, oili na kuchonga. Hivyo ndivyo vinavyosimamisha magari gereji miezi na miezi, si injini.

Namba ya injini, ukubwa wake na aina ya mafuta vimo kwenye kumbukumbu za gari. Ukibadilisha, nenda TRA kwa Tanzania au NTSA kwa Kenya, ukiwa na risiti ya injini na hati zake, uulize utaratibu wa ukaguzi na mabadiliko kabla ya kuanza kazi. Mwarifu na wa bima. Gari lenye namba ya injini isiyolingana na kadi litakusumbua barabarani, litakusumbua zaidi siku ya ajali, na halitauzika kwa mtu makini.

Kilomita za kwanza

Usiende safari moja kwa moja. Zunguka karibu na gereji, simama, gusa difu na giaboksi, tazama chini kama kuna matone. Kaza upya bolti za vishikizo, za adapta na za propela baada ya siku ya kwanza, na tena baada ya kilomita 500. Badilisha oili hapo, maana injini ya mtumba hutema uchafu wake mwanzoni. Kisha litafutie mlima mrefu, likiwa na nusu ya mzigo, jicho likiwa kwenye geji ya maji. Likipanda bila kuchemka, ligeuze uteremke nalo kwa gia ya pili, uone breki zinasemaje.

Ukipiga hesabu ya difu, breki, rejeta na giaboksi ukakuta jumla inapita bei ya kufanya ovahoo ya injini ya zamani mara mbili, basi fanya ovahoo. Ukikuta vyote hivyo ni vizima na injini tu ndiyo iliyokufa, nunua 3L, uifunge kwa utaratibu, na bloku ya zamani uipake grisi, uiweke ghalani pamoja na vishikizo vyake. Siku utakapouza gari, mnunuzi wa kwanza kuuliza atataka kujua iko wapi, na jibu lako litaongeza bei.